Samaki wanakufa na chakula kipo: namna ya kulisha na kutunza maji ya bwawa

Huku kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kila wiki lazima mtu anipigie simu, ndugu yangu samaki hawakui, nifanyeje. Nikienda kuangalia nakuta chakula kipo, tena kingi, gunia limefunguliwa liko pale pale kando ya bwawa, na huyo mtu analisha asubuhi mchana jioni kama anavyolisha kuku. Halafu nikiingiza mkono kwenye maji nasikia harufu ya tope bovu. Basi najua shida iko wapi, maana hata mimi nimeshapita hapo na imenigharimu.

Kitu ninachotaka ukishike kabla hujasoma hatua yoyote ni hiki: kwa samaki chakula na maji ni jambo moja. Kuku akiacha pumba unazifagia, lakini samaki akiacha chakula kinabaki ndani ya hewa yake anayovuta, kinaoza, na kinapooza kinamaliza oksijeni na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Kwa hiyo kile kile unachomwaga ili akue ndicho kinachoweza kumuua. Sasa twende hatua kwa hatua, naongea zaidi kuhusu ngege, yaani tilapia, na kambare, yaani wale ambao Kampala wanaitwa male, maana hao ndio wengi wetu tunafuga.

Hatua ya 1: Jua maji yako yana joto gani kabla ya kuchagua samaki

Watu wanaruka hii halafu wanalaumu mbegu, yaani vifaranga walionunua. Ngege na kambare wote wanapenda maji ya nyuzi 26 mpaka 30 hivi. Yakishuka chini ya 20 ngege anaacha kula vizuri na kukua kunasimama, hata umpe chakula cha bei gani. Mtu wa Pakwach au Adjumani kule chini karibu na Nile ana bahati, maji yake yana joto, ila ndugu zetu wa Kabale kule milimani wanahangaika, baridi ile ngege anabaki mdogo mwaka mzima, ndio maana kule watu walizoea kufuga samaki anayeitwa kapu (carp). Nunua kipimajoto cha kawaida, pima asubuhi mapema na pima tena saa tisa mchana, siku kama kumi hivi, uandike. Bwawa lenye kivuli cha miti mingi linakuwa baridi na majani yanaanguka ndani yanaoza, kata hiyo miti.

Hatua ya 2: Andaa bwawa kabla mbegu haijafika

Bwawa la kuanzia naona mita 10 kwa 20 linatosha, kina kianze sentimita 80 upande wa maji kuingia, kiishie mita moja na robo hivi upande wa kutoa. Kina kikiwa kifupi zaidi majani yanaota chini na ndege wanakula bila shida. Udongo uwe mfinyanzi: chukua konzi, loweka, finyanga mpira, urushe juu uudake, ukivunjika maji yatakukimbia.

Kausha bwawa kabisa mpaka tope lipasuke. Hii inaua mayai ya vyura, mabaki ya samaki wa zamani na vimelea, haina dawa inayoishinda. Halafu mwaga chokaa ya kilimo, kilo 10 mpaka 20 kwa kila mita 100 za mraba, kwenye udongo mwekundu wenye asidi weka nyingi. Subiri wiki moja au mbili. Usichanganye chokaa na mbolea siku moja, zinaharibiana. Baadaye jaza maji kupitia neti ya matundu madogo ili samaki wa mtoni wasiingie, weka samadi ya kuku iliyokauka kilo 5 kwa mita 100 za mraba kwa wiki, mpaka maji yaanze kuwa kijani.

Kile kijani ndicho chakula cha kwanza na cha bure. Ndani yake kuna mimea midogo na wadudu wadogo sana ambao vifaranga wa ngege wanawachuja siku nzima. Na ile mimea mchana inatengeneza oksijeni. Lakini usiku na yenyewe inavuta oksijeni, kumbuka hilo, nitalirudia.

Kipimo chetu ni mkono. Ingiza mkono wako wima ndani ya maji ukiwa umekunjua vidole. Kama vidole vinapotea machoni kabla maji hayajapita kifundo, yamezidi kuwa mazito, simamisha samadi na ongeza maji mapya. Vikipotea maji yanapokaribia kiwiko, safi. Kama maji yamepita kiwiko na bado unaona kucha zako, samaki wana njaa na hujui, ongeza samadi kidogo.

Hatua ya 3: Mbegu na safari yake

Sisi wengi tunaleta mbegu kutoka mbali. Kituo cha utafiti cha Kajjansi kiko pale barabara ya Entebbe, na watu binafsi wanaototolesha wako Wakiso, Mukono, Jinja, kwa hiyo kufika Arua ni usiku mzima ndani ya basi kupitia Karuma na Pakwach. Vifaranga wengi hawafi njiani, wanakufa siku ya pili ya tatu bwawani kwa sababu ya kile kilichowapata njiani, na mwenye bwawa anadhani ni maji yake.

Mwambie muuzaji asiwalishe siku moja kabla ya kusafiri. Kifaranga mwenye tumbo tupu hachafui maji ya mfuko. Mfuko uwe na maji theluthi moja, theluthi mbili oksijeni, na chumvi ya kawaida gramu 3 kwa lita moja inawapunguzia mshtuko. Safiri usiku. Ukifika usimwage! Eleza mifuko juu ya bwawa dakika 20 au 30 mpaka joto lilingane, kisha fungua, ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo, mwishowe inamisha mfuko watoke wenyewe. Hesabu waliokufa uandike, maana hiyo namba utaihitaji kwenye mizani baadaye.

Kwa ngege nunua waliogeuzwa wote madume, na umuulize muuzaji vizuri kama kweli aliwapa kile chakula cha homoni tangu wakiwa wachanga kabisa, kwa wiki tatu au nne. Ngege wa kawaida anaanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, mama anatunza mayai mdomoni na kipindi chote hicho hali chakula, halafu bwawa linajaa watoto wanaogombania chakula na mwisho wa mwaka unavua samaki wa saizi ya kidole. Idadi ya kuweka, kama huna mashine ya hewa, ni ngege watatu kwa mita moja ya mraba. Bwawa letu la mita 200 za mraba ni ngege 600. Kambare unaweza kupita hapo kidogo kwa sababu anapanda juu kuvuta hewa ya nje, ila uchafu wake nao ni mwingi, usimzidishe kwa sababu tu hafi haraka.

Hatua ya 4: Vifaranga wa kambare, hapa ndipo pesa inapotea

Kama unatotolesha mwenyewe au unanunua wachanga, sikiliza hapa kwa makini. Mayai ya kambare yanaanguliwa ndani ya siku moja hivi, yule mtoto anakaa siku kama tatu anakula kiini chake. Kikiisha lazima akute chakula kinachotembea, maana tumbo lake bado halijaweza unga. Wenye pesa wanatumia atemia wa kopo, yaani kamba wadogo sana. Sisi wengine tunakuza wadudu wa maji kwenye tenki la kijani na kuwachuja na kitambaa chepesi. Wape mara sita mpaka nane kwa siku, kidogo kidogo. Baada ya wiki moja hivi unaanza kuchanganya na unga laini wenye protini ya asilimia 50 na zaidi, taratibu, mpaka wazoee.

Wachanga hawa bado hawana kile kiungo cha kuvutia hewa ya nje, kinakuja kama wiki mbili tatu baadaye, kwa hiyo watu wanaosema kambare hafi kwa kukosa oksijeni wanaua vifaranga wao kwa maneno hayo. Funika tenki liwe na giza, wanatulia. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira wa maji kila siku.

Halafu ulaji. Kambare wanakulana, na hii sio hadithi, wiki ya pili utaona mmoja amekimbia kwa ukubwa, anaanza kwa kumng'ata mwenzake mkia, akikua zaidi anammeza mzima kichwa kwanza. Mmoja kama huyo anaweza kumaliza wenzake wengi na wewe huoni maiti hata moja, unaona tu namba inapungua. Dawa ni kuchambua kila wiki, wakubwa peke yao, wadogo peke yao, na kutowaacha na njaa. Mama mmoja jirani yangu anatumia beseni mbili za plastiki alizozitoboa, moja matundu madogo moja makubwa, anawapitisha wote na kazi inaisha kabla jua halijakolea. Usiwapeleke bwawani kabla hawajafika sentimita 5 na kuendelea, vyura na wadudu wa maji wanawamaliza, bora ukae nao kwenye neti iliyofungwa ndani ya bwawa na juu ifunikwe.

Hatua ya 5: Chakula chenyewe

Protini inashuka jinsi samaki anavyokua. Wachanga asilimia 45 kwenda juu, wa saizi ya kidole 35 mpaka 40, wa kukuza ngege 28 mpaka 32, kambare anataka kidogo zaidi, 32 mpaka 35. Peleti za kuelea, yaani chakula cha punje cha dukani, ni ghali lakini faida yake ni moja kubwa, unaona kama wamekula. Zinazozama hujui.

Kama utatengeneza mwenyewe, huu ndio mchanganyiko ninaotumia kwa ngege wa kukuza, kwa kilo 100: dagaa kavu, yaani mukene, kilo 30, soya iliyokaangwa kilo 30, pumba za mahindi kilo 30, unga wa muhogo kilo 8 wa kushikanisha, vitamini na madini kilo 2. Hesabu: mukene safi ana protini asilimia 55 hivi kwa hiyo kilo 30 zinatoa 16.5, soya kama 38 inatoa 11.4, pumba 10 zinatoa 3, muhogo karibu hakuna kitu. Jumla kama 31. Inatosha.

Lakini angalia hapo kwenye mukene. Akikaushwa chini kwenye mchanga anakuja na mchanga, na mchanga una uzito, kwa hiyo wewe unapima kilo 30 na ndani yake kuna kilo kadhaa za mchanga. Protini yake ikishuka mpaka 40, chakula chako chote kinashuka mpaka 26 au 27, samaki anakula anashiba hakui, na wewe unashangaa. Mimi nilinunua magunia kama hayo mwaka wa kwanza, yalikuwa ya bei nafuu, sikuyachunguza. Sasa kabla ya kununua nachukua konzi, naitia kwenye ndoo ya maji, nakoroga na kuangalia kinachobaki chini. Sisi wa huku tuna muziri na ragoge, samaki wadogo wa Ziwa Albert pale Panyimur, nao ni wazuri, kipimo ni kile kile cha ndoo.

Soya lazima ikaangwe. Mbichi ina kitu kinachozuia samaki kusaga protini, unamwaga pesa bure. Ikaange mpaka inukie na ganda libadilike rangi, usiichome ikawa nyeusi. Mashudu ya pamba ni nafuu na yanapatikana huku, ila yana sumu yake, usizidishe, mimi sivuki kilo 10 kwa 100. Mashudu ya karanga na mahindi yakishika ukungu tupa, usiseme samaki hawajui, ile sumu ya kuvu inakula maini yao na kinga inakwisha.

Saga kila kitu laini kabisa. Pika muhogo uwe uji mzito, changanya, pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, anika kivulini. Jua kali linaua vitamini. Vitamini C hasa haidumu, na kambare akiikosa muda mrefu utamwona mgongo umepinda au fuvu limepasuka juu, watu wanasema amerogwa au ni ugonjwa wa maji, kumbe ni chakula cha zamani. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, pakavu, na yasipite miezi mitatu.

Hatua ya 6: Kulisha kwa mizani na kwa macho

Kila baada ya wiki mbili vuta samaki 30 na wavu, wapime wote pamoja ndani ya ndoo yenye maji uliyoipima kwanza, gawa kwa 30. Tuseme wastani ni gramu 80 na unakadiria bado una samaki 550. Hiyo ni kilo 44 za samaki. Kwa saizi hiyo wape asilimia 4 kwa siku, yaani kilo moja na robo tatu, igawe mara mbili. Wakiwa wa gramu 5 au 10 wanataka asilimia 6 mpaka 8 na mara tatu nne kwa siku. Wakifika gramu 200 asilimia 2 au 3 inatosha. Mtu anayewapa kipimo kile kile kuanzia mwanzo mpaka mwisho anawanyima wadogo halafu anawazidishia wakubwa, makosa mawili kwa gunia moja.

Saa ya kulisha ni saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kamwe sio alfajiri. Lisha sehemu moja, upande upepo unakotoka, wapigie mlio ule ule waje. Mwaga kidogo, ngoja, mwaga tena. Baada ya dakika 15 wakipunguza kasi acha hata kama kipimo hakijaisha. Siku ambayo hawaji juu usiseme labda wameshiba, kuna kitu.

Andika. Daftari ya shilingi chache. Ukivuna, gawa kilo za chakula kwa kilo za samaki walizoongeza, ukipata moja na nusu uko vizuri, ukipata tatu una mchanga kwenye mukene au unamwaga chakula chini.

Hatua ya 7: Alfajiri

Nilisema nitarudi hapa. Usiku kila kitu bwawani kinavuta oksijeni na hakuna kinachoitengeneza, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi ndipo iko chini kabisa. Ngege anataka angalau miligramu 3 kwa lita, ikikaa 5 anakula vizuri. Mawingu yakikaa siku mbili tatu ile mimea haikutengeneza ya kutosha mchana, na kama wewe uliendelea kulisha, basi.

Mimi ilikuwa Septemba, mvua na mawingu siku tatu, na nilikuwa nataka wafike sokoni kabla ya Krismasi kwa hiyo nilikuwa naongeza chakula. Asubuhi ya nne nikawakuta juu ya maji wamefungua midomo, wengine wameshageuka tumbo. Wakubwa ndio walitangulia, wale wale niliokuwa nawahesabia pesa. Nilikaa kando ya bwawa nikashindwa hata kumwita mke wangu. Wala sio mabwawa madogo tu, mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 mputa, yaani sangara, walikufa wengi hata kwenye Ziwa Victoria lenyewe, na serikali ikaeleza kwamba ni oksijeni ilikuwa imepungua.

Kwa hiyo: mawingu mazito, punguza nusu. Siku ya pili ya mawingu, usilishe kabisa, samaki hafi njaa kwa siku mbili. Amka mapema uangalie. Ukiwakuta juu wanahema, fungulia maji mapya haraka yaingie kwa kurushwa, yapite juu ya jiwe au bati lililotobolewa, au weka pampu ivute maji ya bwawa na kuyarusha hewani yarudi. Usiweke samadi wiki hiyo. Na maji yakiwa kijani kizito sana jihadhari na jioni pia, maana pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, inapanda na amonia inakuwa kali zaidi, utaona samaki wanakimbia kimbia na mashavu yamewiva. Punguza chakula, badilisha robo ya maji.

Hatua ya 8: Wezi wenye mabawa na wasio nayo

Haraka tu hapa. Kata nyasi kingoni, kenge na nyoka wanajificha humo. Nyuzi zilizovutwa juu ya bwawa zinazuia mdiria na mnandi. Fisi maji anataka uzio wa chini uliofukiwa. Samaki mwenye pamba nyeupe mwilini mara nyingi aliumizwa na wavu au mikono mikavu, kwa hiyo lowesha mikono na usiwavute wakati wa jua kali. Antibiotiki za kuku usimwage bwawani, mpigie afisa uvuvi wa wilaya aje aone kwanza.

Hatua ya 9: Kuvua

Miezi 6 mpaka 8 wakiwa wamelishwa vizuri na maji yana joto wanafika sokoni. Usilishe siku moja kabla, tumbo likiwa tupu nyama inakaa muda mrefu bila kuharibika na maji ya ndoo hayachafuki. Anza saa kumi na moja alfajiri, punguza maji mpaka magotini, vuta wavu taratibu bila kukoroga tope, wa kuuzwa wakiwa hai waingie moja kwa moja kwenye jerikani zilizokatwa mdomo zenye maji safi. Wakiisha usijaze tena bwawa siku hiyo hiyo. Toa tope lote jeusi la chini, lipeleke kwenye migomba, liache bwawa lipasuke kwa jua, halafu ndio ulete chokaa.